Peleka Delko Mbele

Kambi ya Wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, 12 Februari 2024

Baba Merveille,

Noël ameniambia simu yako ilitumbukia kwenye karai la petroli. Mwanaume anayenifokea nikiacha mkasi karibu na mtoto, leo simu yake inaogelea. Haya basi. Noël anakwenda Lilongwe kila wiki kuchukua vitenge na ana ruhusa ya kutoka kambini, kwa hiyo yeye ndiye posta wetu mpaka upate simu nyingine.

Naogopa, Mulenda. Naliweka neno hilo hapa juu usije ukalitafuta chini ya salamu. Daktari wa Dowa amenipima tena. Anasema kwa kuwa Merveille alitoka kwa operesheni, huyu naye atatoka hivyo hivyo, na uchungu ukinishika nisikae nyumbani hata kidogo, kwa sababu mshono wa zamani unaweza kuachia ndani. Mimi ni fundi nguo. Najua mshono ukitaka kuachia hauagi. Tangu siku ile hata nikikohoa nashika tumbo.

Gari la wagonjwa ni moja na wagonjwa ni kambi nzima. Kabaza sipandi, nikifikiria baiskeli ile kwenye makorongo ya kwenda Dowa, nasikia nyuzi zinafumuka. Limebaki lile Land Rover kuukuu la kanisa, ulilokuwa ukilitunza kuliko unavyonitunza mimi. Tangu uondoke limekaa nyuma ya kanisa na kuku wanataga chini ya kiti. Pasta Ezechiel yuko tayari kuniendesha saa yoyote. Jana alizungusha manivela, kile chuma cha kuwashia injini kwa mkono, mpaka koti likamlowa jasho, gari likapiga chafya, likanyamaza. Mafundi wa hapa ni wa pikipiki. Waliinua boneti, wakatazama, wakaifunga kwa heshima.

Mimi ndiye niliyekuwa nakushikia taa ukilitengeneza, kwa hiyo delko naijua: kile kichwa cheusi chenye nyaya, kinachogawia kila buji, zile plagi, moto wake. Zaidi ya hapo sijui. Niandikie nifanye nini. Au njoo mwenyewe. Ningependa zaidi uje mwenyewe.

Mama yako anakusalimu. Bado analala na viatu miguuni, na kitenge cha kumbebea Merveille amekiweka karibu na mlango. Nilimwambia, Mama, hapa Malawi si Kongo, hakuna vita. Akasema, "Fizi nako vita haikukuwa, mbele ifike."

Mkeo,
Arlène


Lilongwe, 15 Februari 2024

Mama Merveille,

Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa. Usiogope. Kuja siwezi kwa sasa. Barabara ya kutoka mjini imejaa polisi, wanawakusanya wakimbizi wanaofanya kazi huku, na mwenye gereji ametukataza kutoa pua nje. Nitakuja mambo yakitulia. Niko salama, nakula, nalala. Tufanye kazi.

Bahati nzuri kuna Land Rover kama lile la kanisa hapa uani, la mzee mmoja mstaafu, nalitazama ninapokuandikia. Kwa hiyo nifuate bila wasiwasi.

Fungua vibanio viwili, toa kifuniko cha delko. Kifute ndani kwa kitambaa kikavu. Ukiona mstari mweusi mwembamba kama unywele, huo ni ufa, moto unapotelea hapo, uniambie. Chini ya kifuniko kuna kidole, kile kinachozunguka na kugawia kila waya zamu yake. Kivute, kinatoka. Sasa utaona platini, midomo miwili midogo inayofunguka na kufunga. Lazima imeungua. Isugue kwa tupa yako ya kucha mpaka ing'ae. Halafu Pasta azungushe manivela polepole, na midomo ikifunguka mpaka mwisho, nafasi kati yake iwe unene wa karatasi ya boksi la kibiriti. Karatasi ipite, lakini ikikwaruza kidogo.

Kisha wakati wa moto. Hapa nisikilize kama fundi cherehani. Ndoano ya chini ikichelewa kuifuata sindano, uzi haushikwi, unashona hewa. Na gari ni hivyo. Moto ukichelewa, petroli haisukumi kitu, inakwenda kuwakia nyuma ovyo. Platini zikilika, moto huchelewa, na huo umechelewa, ndiyo maana ya zile chafya. Kwa hiyo legeza nati iliyo shingoni mwa delko, peleka delko mbele kidogo, kidogo tu, kaza. Litawaka.

Mwambie Mama avue viatu usiku, vidole vitaoza. Mwambie na yeye kwamba niko salama.

Mumeo,
Mulenda


Dzaleka, 19 Februari 2024

Mulenda,

Nilifanya yote. Ufa hakuna. Midomo niliisugua mpaka ikang'aa kama kifungo kipya. Nikashika kile kisahani kinachochomoza ubavuni mwa delko, nikakipeleka mbele, kuelekea rejeta, nikakaza nati. Pasta akazungusha na likawaka. Nilicheka peke yangu kama kichaa. Pasta akaamua kulipitisha sokoni ili betri ipate nguvu, na mimi nikafuata kwa miguu.

Karibu na wauza dagaa likapasua. Mlio mmoja nyuma, paa, kisha mingine ikafuatana. Unajua soko letu limejaa watu waliokimbia risasi. Hakuna aliyeuliza ni nini. Waliokuwa wamesimama walilala chini, waliokuwa wamekaa walikimbia, dagaa zikamwagika, baba mmoja mzima nilimwona amejifunika beseni kichwani. Na mimi, niliyeikaza ile nati kwa mkono wangu mwenyewe, nilijikuta nimepiga magoti nyuma ya gunia nimekumbatia tumbo.

Nilipofika nyumbani mlango ulikuwa wazi. Kitenge hakipo. Mama hayupo, Merveille hayupo.

Walikuwa wameingia kwenye mahindi, na sasa hivi mahindi yamempita mtu mzima. Nusu ya mtaa ilitoka kuwatafuta. Tuliita majina yao mpaka sauti zikatukauka. Walipatikana kesho yake, ng'ambo ya dambo, lile bonde la majimaji. Mama alikuwa amechuchumaa, amemziba mtoto mdomo kwa kiganja. Alikuwa anatusikia, Mulenda. Watu walipita karibu naye kabisa wakimwita. Nilimuuliza kwa nini hakuitika. Akasema, "Kule Fizi, bale baliitika majina yabo njo balipatikana." Merveille hajatamka neno tangu hapo. Anashika sketi yangu tu, hata nikienda chooni.

Mwenyekiti wa mtaa alikuja na wazee. Gari lisiwashwe tena kambini, na likilia vile litavutwa litupwe nje. Nilimwonyesha tumbo. Alifikiri sana, akakubali hivi: siku ya uchungu liwashwe, lakini kulijaribu kabla ya hapo marufuku. Maana yake litawaka siku hiyo, kimya, au nitabaki hapa na mshono wangu.

Sasa nina swali. Umeniambia peleka mbele. Kwenu Fizi mbele ni kabla: mbele ya kula tunanawa. Kwetu Bukavu pia. Na mbele ni huku uso unakotazama. Ulitaka mbele ipi? Na kama una Land Rover lilelile machoni pako, kwa nini hukuniambia kushoto au kulia? Fundi anayeliona gari hasemi mbele, anaonyesha. Uko wapi, Mulenda?

Arlène


Lilongwe, 22 Februari 2024

Arlène,

Silioni gari. Ninaona ukuta. Walitukamata gereji mwanzoni mwa mwezi na simu wakachukua. Hadithi ya petroli niliitunga mimi nikambebesha Noël. Usimgombeze, yeye ndiye anayeniletea mkate. Sikutaka uogope na tumbo hilo. Sasa nimekutisha wewe na soko zima, na mama yangu nimemwingiza mahindini. Nilikuandikia kwa kichwa, na kichwani mwangu mbele ilikuwa mbele ya wakati, moto uwahi. Wewe ukageuza kuelekea rejeta, moto ukazidi kuchelewa. Neno ni langu na kosa ni langu.

Nikwambie na lililobaki. Kila asubuhi askari anasoma majina. Anayeitika anapanda lori. Wengine humu wanasema lori linakwenda Dzaleka. Wengine wanasema linapitiliza hadi mpakani na watu wanarudishwa Kongo. Hakuna aliyerudi kutuambia. Cadeau, kijana wa Uvira tuliyekuwa tukilala naye mgongo kwa mgongo, aliitika akaondoka, na sijui yuko wapi. Nyuma yake wakasoma Mulenda. Nilitazama miguu yangu. Wakasoma tena, nikanyamaza, wakaliruka jina. Nilidhani nimefanya akili. Niliposoma habari za Mama kwenye mahindi nikajua nimeirithi. Naogopa lile lori kuliko kitu chochote tangu tuvuke ziwa, na nikiwaza uchungu ukushike mimi niko humu, meno yanagongana mchana kweupe.

Basi sikia. Safari hii hakuna mbele wala nyuma. Chukua chaki yako ya nguo. Vua kifuniko cha delko, chomoa na ule waya mnene wa katikati ili gari lisiweze kuwaka kabisa. Pasta azungushe manivela polepole, wewe tazama kidole kinazungukia upande gani, uchore mshale pembeni kukifuata. Mshale huo ndio mkubwa wetu sasa. Kuufuata ni kuchelewa. Kuupinga ni kuwahi.

Chomoa ile taa ndogo ya ndani ya gari na nyaya zake. Waya mmoja ufunge pale ule mwembamba unapoingilia delko, mwingine uguse chuma cha injini. Fungua ufunguo. Betri haiwezi kuzungusha injini, lakini taa itaiweza. Pasta azungushe mpaka alama ya puli, lile gurudumu la mkanda, ikutane na kile kichuma kilichochongoka, na kidole kiwe kinatazama waya wa buji ya kwanza, ile iliyo karibu na rejeta. Aache hapo. Legeza nati. Zungusha delko kuufuata mshale mpaka taa izimike, kisha rudisha kinyume cha mshale, taratibu, kama unavyoweka mkono wa koti la bwana harusi. Taa ikiwaka tu, simama. Hapo midomo imefunguka, hapo ndipo moto unapotoka. Usiongeze. Kaza.

Ukizidisha kuwahi, manivela itarudi kwa nguvu na kumvunja Pasta mkono. Dole gumba aliweke upande mmoja na vidole vingine, asilizungushe kwenye mpini.

Nisamehe.

Mulenda


Dzaleka, 26 Februari 2024

Mulenda,

Nimekasirika na nimeogopa, na sijui ni kipi kimezidi. Ulikaa ukafikiri mpaka ukapata karai. Siku nyingine ukinidanganya usiweke vyombo.

Taa imewaka. Nikaizima kwa kufuata mshale, nikarudisha, ikawaka palepale. Nikarudia na kurudia mpaka Pasta akauliza kama gari tunalishonea suti. Kisahani sasa kinatazama kwa dereva, mbali kabisa na pale nilipokuwa nimekiweka, na nilipoona umbali ule nikaelewa soko lilikimbia nini. Nati nimeikaza. Chaki sijaifuta.

Lakini taa haina sauti. Kila nikipita nyuma ya kanisa nalitazama gari limekaa kimya, kuku wamerudi, na sijui kama nimelitengeneza au nimelitega. Merveille akiliona anaziba masikio. Bado hasemi. Kiuno kimeanza kuniuma na najiambia ni cherehani tu.

Nimeuliza kila mtu kuhusu lori. Hakuna lori lililofika hapa. Sikutaka kukuandikia hivyo, lakini tumeshasikia uongo wetu unavyolia sokoni.

Mama nilimwambia uliko. Hakulia. Aliuliza kama una viatu.

Nakutumia sweta. Nimelishonea mfuko kwa ndani. Hakuna kitu mfukoni, ni mahali pa kuweka mkono.

Arlène


Hospitali ya Dowa, 5 Machi 2024

Mulenda, mutoto yangu,

Ni mi, mama yako. Pasta Ezechiel njo anaandika, mi nasema tu. Nimemukataza kuongeza maneno ya kanisa, hayo atasema siku ya Mungu.

Bibi yako Arlène iko muzima. Mutoto iko muzima, ni mwanaume, anakunja sura sawa we. Balimupasua Arlène, bakamushona, na yeye mwenyewe aliomba kioo, akatazama mushono, akasema iko sawa kidogo. Umesikia? Beko bazima. Sasa kaa chini nikuelezee.

Uchungu ilikuya mbele ya siku munganga alisema. Ilikuwa muchana. Pasta akaenda kwa gari na manivela, na batu bakaona, bakaanza kukusanya bintu byabo mu soko. Mwenyekiti akasimama pale, mikono kwa masikio. Mi nilishakamata Merveille mu mugongo. Nikamwambia Arlène, mi ngoja nitangulie mu mahindi, mukishawasha nitarudi. Alinikamata mukono, na uchungu ikamufinya, na yeye akanifinya mi. Mukono ilikataa kutoka.

Pasta akazungusha mara moja. Gari ikaitika. Haikupasua, haikupiga kelele, ilikuwa inasema polepole sawa mashini ya kushona ya Arlène kama iko na kazi muzuri. Mwenyekiti akashusha mikono. Nikapanda. Barabara yote nilikuwa natazama ile boneti na nasema, weye, nyamaza hivyo hivyo, nyamaza. Arlène alikuwa ameshika tumbo kwa mikono yote mbili, anasema, Mama, kama imeachia je. Nikasema haijaachia. Mi sikujua. Nilisema tu.

Tulifika hapa. Pasta akazima, tukashuka. Na ile gari, bamekwisha kuizima, ikapasua moja. Paa.

Batu ba hapa baligeuka tu kutazama. Mi miguu ilishaanza. Nakwambia kweli, moyo yangu ilifika ku barabara, mi nikabakia. Maana Arlène alikuwa ameniegemea yote, uzito yake na ya mutoto, mi njo nilikuwa ukuta. Nikibanduka anaanguka. Nikasikia kitu mu shingo, ni kinywa ya Merveille. Akaniita mi koko yake, akasema, "Koko, ni gari." Umesikia? Alisema. Tukapanda ngazi, sisi bote. Sikukimbia.

Sasa sikiliza ingine. Kisha Noël kuondoka na barua ya Arlène, lori ilifika Dzaleka. Nilisimama mbali, natazama banashuka. Nikaona kijana moja wa Uvira anashuka na gunia yake, nikamuuliza jina, akasema Cadeau. Balikuwa bamebaweka pahali pengine kwanza, njo maana ilikawia. Nilimugusa kwa mukono, nipate kujua ni mutu. Nikamupa nsima, bugali ya hapa, akamaliza yote. Akasema, Mama, Mulenda balimwita, akanyamaza.

Najua ni nani alikufundisha kunyamaza. Ulikuwa mudogo, tulikuwa mu mihogo, balikuwa banaita, na mi nilikufunika kinywa na hii mukono. Siku ile ilikuwa muzuri. Leo hapana.

Naogopa kukwambia hii neno, mutoto yangu. Nikikosa, ni mi nimekuuza. Lakini nimesikia gari na ni gari. Nimegusa mutu wa lori na ni mutu. Basi bakisoma jina yako, itika. Itika mara ya kwanza, na sauti.

Mama yako,
Véronique